Pindo Si Kanga Nzima

Wanyama bara, fukwe Zanzibar. Ndivyo kazi ya utalii ilivyogawanywa nchini, na mgawanyo huo umezoeleka kiasi kwamba hakuna tena anayeuliza umetoka wapi. Ofisi za safari Arusha zinauza siku za Serengeti na Ngorongoro, kisha zinamalizia na siku chache za Zanzibar, za "kupumzika". Dereva anayewapokea wageni pale uwanja wa ndege wa Kisauni ana swali moja tu: Nungwi au Paje? Na sisi wenyewe wenye visiwa tumeshakubali. Mtu wa Unguja akiulizwa kwao kuna nini cha kutazama, ataitaja bahari, ataitaja Mji Mkongwe, halafu atanyamaza, eti amemaliza.

Sina ugomvi na ufukwe. Mwaka 2023 wageni wa kutoka nje waliofika Zanzibar walizidi 600,000, na hawakuja kutazama mabonde ya mpunga ya Cheju. Mishahara ya hoteli inasomesha watoto, inajenga nyumba, inaoza mabinti. Anayejifanya haioni fedha hiyo anatafuta sifa tu. Ugomvi wangu ni na imani kwamba mchanga mweupe ndio kisiwa chenyewe, na kilicho nyuma yake ni njia ya gari. Huko ni kulisoma pindo la kanga ukadai umeiona kanga, wakati mji wake wote bado umekunjwa.

Tuichukue hiyo hiyo njia ya gari, ile ambayo wageni huipita wakiwa wameinamia simu zao. Unatoka Mjini, unaiacha Mwanakwerekwe, unafika Tunguu. Hapa bado uko kwenye udongo wa kina, kinongo chekundu na mchanga laini: minazi, michungwa, mifenesi, na muhogo unaong'oka kwa mkono mmoja. Bungi unapita chini ya safu ya miembe inayohusishwa na Bi Khole, binti wa Seyyid Said, miembe ya karne ya 19 ambayo mpaka leo inaikinga barabara na jua. Ukikaribia Pete unaingia msituni ghafla. Hewa inapoa, na harufu ya majani yaliyolowa inapenya dirishani. Ukishaipita Kitogani, udongo unakwisha. Sitii chumvi, unakwisha kweli. Pande zote mbili ni mawe ya kijivu yenye ncha na mashimo, matumbawe ya kale yaliyoachwa nchi kavu, na vichaka vimejipenyeza kwenye nyufa zake. Mkulima wa huku hatafuti ekari. Anatafuta vishimo vyenye udongo wa viganja viwili vitatu, anatia mtama, mbaazi, pilipili au tikiti, na baada ya misimu michache anahama ili kichaka kirudi. Halafu ndipo Paje na mchanga wake. Umbali wote ni kama kilomita hamsini, na mgeni aliyelala garini amepitwa na nchi tatu.

Wapinzani wangu wana jibu lao hapa, nami nalijua kwa sababu nimelisikia mara nyingi. Wanasema tofauti hizo ni za mkulima, si za mtalii. Kisiwa hakina mlima, hakina maporomoko ya maji, hakina la kumfanya mtu asimamishe gari. Ni kweli mlima hatuna. Kilele cha Unguja ni ule mgongo wa Masingini, na urefu wake ni mita 120 hivi juu ya bahari. Lakini nani aliyesema uzuri wa nchi hupimwa kwa kwenda juu? Unguja haipandi, inabadilika chini ya miguu yako. Vijito vyake kadhaa vinatiririka juu ya ardhi vikiwa kwenye udongo mzito, na vikifika kwenye nchi ya mawe vinazama chini na kupotea. Mto unaomezwa na ardhi mchana kweupe, ungekuwa nchi nyingine ungeshajengewa kibanda cha tiketi.

Na ule msitu wa Pete, yaani Jozani, ni kielelezo kingine. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004 na ina kilomita za mraba zipatazo 50, eneo dogo ukilinganisha na mbuga za bara. Ndani ya udogo huo mna msitu unaosimama majini wakati wa masika, kwa kuwa maji ya ardhini yako karibu mno na uso; mna msitu mkavu wa kwenye mawe, ambako paa nunga amejificha; mna mikoko inayoloa na kukauka mara mbili kwa siku; kisha kuna ghuba yenye malisho ya majani ya baharini ambako samaki wachanga hukulia. Sehemu hizi zinategemeana. Mvuvi wa Chwaka anayevuta wavu wake anavuna kilichoanzia kwenye mizizi ya mikoko, hata kama hajawahi kukanyaga Jozani.

Huko ndiko waliko kima punju, ambao hawana asili popote pengine duniani isipokuwa Unguja. Hesabu ya kisiwa kizima iliyofanywa katika muongo uliopita ilipata zaidi ya 5,800. Wageni wengi humpiga kima picha akiwa juu ya tawi, wakaondoka. Wangekaa kidogo pembezoni mwa mashamba, karibu na tanuri la makaa lililokwisha kupoa, wangeona jambo la ajabu zaidi. Jike mwenye mtoto kifuani anashuka kwa tahadhari, anachambua vipande, anakiacha kimoja, anakichukua kingine, anarudi nacho tawini na kukitafuna taratibu, masizi yakimbaki mdomoni. Kima hawa wanakula makaa. Mtafiti Thomas Struhsaker na wenzake walieleza sababu yake mwaka 1997: mashambani kima wanapenda majani ya mikungu na miembe, majani yenye protini nyingi na pia kemikali zinazovuruga tumbo, na makaa huzinasa kemikali hizo. Mnyama wa msituni amejifunza kuishi shambani kwa dawa anayoidokoa kwenye tanuri la binadamu. Sasa niambie Serengeti ina kisa kipi kinachoshinda hicho.

Kuna na nazi. Wakulima walilalamika miaka mingi kwamba kima wanawamalizia nazi changa, na malalamiko hayo hayakuwa ya uongo, maana nazi zilikuwa zinaliwa mbele ya macho yao. Kathryn Siex na Struhsaker wakaenda kuhesabu minazini. Matokeo yao, yaliyochapishwa 1999, yalionesha kwamba ulaji huo haukupunguza mavuno, na palipoliwa zaidi mavuno yalielekea hata kuwa mazuri zaidi, pengine kwa kuwa mnazi ukipunguziwa vitale vingi unavilea vizuri vilivyobaki. Nakitaja kisa hiki kwa makusudi. Kama mkulima aliyekuwa chini ya mnazi kila siku aliweza kukosea hesabu, tusishangae ofisi za Arusha zikiikosea Unguja nzima.

Hata hiyo kauli ya "wanyama bara" haina mizizi mirefu. Kwenye pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale, Profesa Felix Chami akiwa mmoja wa waliofungua njia, wamekuta dalili za watu walioishi pale miaka ipatayo 20,000 iliyopita, na kati ya mifupa ya mawindo yao imo ya pundamilia na nyati. Wakati huo bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita mia, na Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Mkondo tunaouvuka leo kwa boti ya Dar es Salaam ulikuwa nchi ya kutembea kwa miguu. Barafu za dunia zilipoyeyuka maji yakapanda, kisiwa kikakatika, na wanyama wakubwa wakatoweka mmoja baada ya mwingine. Chui wa Unguja, mdogo kuliko ndugu yake wa bara, alidumu hadi karne ya 20 huku akiwindwa kwa bidii, kwa kiasi fulani kwa sababu watu waliamini wachawi humfuga. Kwa hiyo mgeni anayejilaza Jambiani "baada ya safari" amejilaza juu ya uwanda wa pundamilia. Hakuna aliyemwambia.

Pemba ndiyo inayoonewa zaidi, na hapa kosa linakuwa mara mbili: kwanza kudhani Zanzibar ni ufukwe, pili kudhani Pemba ni Unguja iliyochelewa kupata hoteli. Visiwa hivi viwili havina hata asili moja. Mkondo wa Pemba unashuka hadi mita 800 hivi, na Pemba ilitengana na bara zamani mno, mamilioni ya miaka kabla ya mabadiliko yaliyoikata Unguja. Ndiyo maana ina viumbe vyake. Ina ninga wake wa kijani, bundi wake mdogo, chozi wake na kinengenenge wake, aina nne za ndege zisizo na kwao kwingine. Ina mpapindi, mti mwembamba wa msituni wa jamii ya mnazi, na ina popo mkubwa mla matunda, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amewindwa hadi wataalamu wakahofia atakwisha. Wanakijiji wenyewe, Kidike wakiwa miongoni mwao, wakaamua kuyalinda maeneo anamolala, na katika muda wa miaka ishirini hivi idadi ikapanda ikazidi 20,000. Popo huyo ndiye anayesambaza mbegu za miti usiku. Ukitaka kujua nani anaipanda misitu ya Pemba, ni yeye.

Umbo la Pemba nalo ni tofauti. Kutoka Mkoani hadi Wete barabara haikai sawa hata kidogo. Inapanda kilima cha mikarafuu, inashuka bonde la mpunga, inapanda tena, na kila bonde la upande wa magharibi linaishia kwenye ghuba nyembamba iliyojaa mikoko. Kaskazini, kwenye rasi ya Kigomasha, msitu wa Ngezi una miti mirefu inayofunga jua, na hatua chache mbele unakuta uwanda wa mchanga mweupe uliochujwa rutuba yote, wenye vichaka vifupi vya jamii ya mimea ambayo kwa kawaida ungeitafuta juu ya milima ya bara. Ngezi haizidi sana kilomita za mraba 14. Aliyezoea kupima nchi kwa ukubwa wake ataipita tu, akimbilie Vumawimbi kuogelea.

Nasikia mtu akisema: mbona tunawapeleka shamba, si tuna ziara ya viungo? Tunayo. Mgeni anapelekwa Kizimbani au Kidichi, ananusishwa jani la mdalasini, anakatiwa lichi, kijana anapanda mnazi akiimba, na mwisho wa yote anavishwa kofia ya makuti. Nimeshawahi kuifurahia mwenyewe, na vijana wale wanaifahamu kazi yao. Lakini ile ni bustani ya maonesho, mti mmoja wa kila aina ili kamera isichoke. Haimwelezi mtu kwa nini mkarafuu uko upande huu wa kisiwa na si ule, wala kwa nini karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba: kwamba kimbunga cha Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja kwa maelfu na kuiacha ya Pemba karibu salama, na uzito wa zao ukahama kisiwa. Ziara inauza harufu, na nchi iliyoizaa harufu hiyo inaachwa nje ya bei.

Hoja nzito kuliko zote za upande wa pili si hizo. Ni ile inayosema: bora wageni wabaki ufukweni, maana mkiwaingiza msituni mtauharibu. Hii siidharau. Barabara inayopita Jozani ilipotiwa lami, magari yaliongeza kasi na kima wakawa wanagongwa. Ilibidi kuwekwa matuta ndipo vifo vikapungua. Na kila siku yupo mgeni anayetaka kumsogelea kima uso kwa uso kwa ajili ya picha. Kwa hiyo sitetei mabasi ya wageni kwenye kila pango. Kuna sehemu zinazostahili kuachwa zilivyo. Ila tusijidanganye kwamba kusahauliwa ni ulinzi. Kichaka cha kwenye mawe ambacho hakuna mgeni anayekitazama ndicho kinachokatwa makaa na kuni za matanuu ya chokaa, ndicho kinachofyekwa kwa kiwanja cha nyumba za kupangisha, na mwenye kufyeka anatumia maneno yale yale ya kwenye vipeperushi: pale pana mawe tu. Jozani imesimama si kwa sababu ilisahauliwa, bali kwa sababu vijiji vinavyoizunguka vilianza kupata sehemu ya fedha za viingilio, na kima aliyekuwa mwizi wa nazi akawa na faida inayoonekana.

Tena ufukwe wenyewe hawaujui wanaouimba. Picha za matangazo zote zimepigwa maji yakiwa yamejaa. Mgeni anafika Bwejuu au Jambiani wakati wa bamvua, anaamka asubuhi, bahari haipo. Imejitoa mpaka karibu na mwamba, na mbele yake kuna uwanda mpana wa madimbwi, majani na vijiti. Wengine hulalamika mapokezi. Uwanda huo ni shamba. Wanawake wanalima mwani humo tangu 1989, wanafukia makumbi yaoze wapate kusokota kamba, wanachokoa pweza mashimoni, na wanaijua kila sehemu ya uwanda huo na mwenyewe. Na ule mchanga unaosifiwa kwa weupe haukutoka juu ya nchi. Ni matumbawe na magamba yaliyosagika, na sehemu yake imepita tumboni mwa pono, anayeguguna mwamba kwa meno yake magumu na kuutoa ukiwa unga. Ukimvua pono wote, ukiua matumbawe, mchanga unaoliwa na mawimbi ya kusi hautarudishwa na mtu.

Matumbawe hayo nayo yanategemea kile kinachodharauliwa nyuma yake. Mvua ikinyesha juu ya nchi ya mawe haituami. Inapenya nyufani, inashuka, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji ya chumvi inakaa juu yake kama tabaka jembamba. Tabaka hilo ndilo kisima cha pwani yote ya mashariki. Ukilivuta kwa pampu kupita kiasi, chumvi inapanda na kisima cha kijiji kinaharibika. Ukimwaga uchafu kwenye shimo la choo, unapita nyufa zile zile kwenda kisimani na baharini. Stefan Gössling, aliyechunguza pwani hiyo, aliandika mwaka 2001 kwamba mtalii mmoja alikuwa akitumia wastani wa lita 685 za maji kwa siku, zaidi ya mara kumi ya mwenyeji. Maji hayo hayatoki ufukweni. Yametoka chini ya vichaka vile vile ambavyo tumeambiwa havina kitu. Seyyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alilifahamu jambo hili alipoyavuta maji ya chemchemi za Bububu kwa mabomba hadi Mjini: mji wa pwani unaishi kwa kilicho shamba.

Tangu 2020 tunausikia Uchumi wa Buluu kila mkutano, na visiwa vidogo vimekodishwa kwa wawekezaji. Sera hiyo ina mazuri yake kwa wavuvi na wakulima wa mwani ikitekelezwa kwa haki. Wasiwasi wangu ni kwamba imewageuza wakubwa wetu waangalie nje, baharini, na kuipa kisogo nchi kavu. Kiwengwa ni mfano unaoumiza: upande mmoja wa barabara ni hoteli zinazouzwa ulimwenguni kote, upande wa pili ni msitu wa hifadhi wa Kiwengwa-Pongwe wenye mapango ya mawe, na wageni wengi wanarudi kwao bila kuivuka barabara hiyo.

Halafu waulizeni wajenzi mchanga wanautoa wapi. Wa ufukweni hauruhusiwi kuchimbwa. Unachimbwa shamba, kwenye ule udongo wa kina wa kaskazini, Donge, Pangatupu na kwingineko, ambako mashimo yamekula ardhi ya minazi na muhogo mpaka Serikali ikalazimika kuudhibiti uchimbaji kwa vibali kwa hofu kwamba mchanga utakwisha. Kisiwa kinachimbwa katikati ili kijengwe ukingoni. Dalali wa viwanja vya Matemwe anapanga bei kwa mita zinazogusa bahari, na mteja wake akitia saini anaondoka na kisima cha nchi ya mawe na kipande cha Donge pia, ambavyo havikuandikwa kwenye karatasi wala havikuhesabiwa kwenye bei.